Mjadala: Kijana mwenye nguvu za ajabu aigizwe na mtoto wa umri wake, au na mtu mzima?

Meza ya Uhariri

Wakuu, tangu Stranger Things, tamthilia ya Netflix ya kundi la watoto na binti mwenye nguvu za ajabu, ifungwe Desemba 2025 watu hawajaacha kutania sura za wale "watoto". Hesabu yenyewe ni hii. Kwenye hadithi, ukiacha kipande cha kufungia kinachoruka hadi 1989, tunatoka Novemba 1983 hadi mwishoni mwa 1987, yaani miaka minne. Kwa kalenda ya kawaida, msimu wa kwanza ulitoka Julai 2016 na wa tano ukaanza Novemba 2025: miaka tisa na miezi minne. Millie Bobby Brown, anayemwigiza binti huyo, Eleven, alikuwa na miaka 12 msimu wa kwanza ulipotoka, na 21 wa mwisho ulipotoka.

Upande wa pili kuna Smallville, tamthilia ya ujana wa Superman. Tom Welling alianza Oktoba 2001 akiwa na miaka 24, anaigiza Clark Kent, yaani Superman mwenyewe, akiwa mwanafunzi wa sekondari. Ikaenda misimu 10, sehemu 217, na mwendo haukukatika.

Msimamo wangu: mchukue aliyetimiza 18, mwenye sura ya ujana, basi. Kinachonipeleka huko ni saa za kazi. Kwa sheria za California, Marekani, siku ya shule, mtoto wa miaka 9 hadi 15 anakaa lokesheni saa 9 tu: kazi 5, masomo 3, mapumziko 1. Wa miaka 16 na 17 anakaa saa 10, kazi 6. Sasa weka humo tukio la kusukuma gari kwa mawazo. Kwanza inapigwa picha tupu ya mahali bila mtu. Kisha mtu wa madoido anashika mpira wa kijivu na mwingine unaong'aa kama kioo mbele ya kamera, ili wale wa kompyuta wajue mwanga ulitoka wapi. Ndipo mnafanya mazoezi, kisha teki, yaani kupiga tukio lenyewe. Damu ya puani, ile inayomtoka Eleven akitumia nguvu, imeteremka vibaya? Futa, safisha mdomo, paka upya, linganisha na picha ya teki iliyopita. Kila marudio yanakula saa zile tano, na mwalimu wa hapo lokesheni akisema muda umeisha, umeisha.

Kitabu cha Sheria

Mkuu, saa umezitaja sawa ila hitimisho umeliruka. Masharti hayo wanayaishi watu kila siku na kazi zinatoka. Tamthilia ya kundi la vijana ina faida: watoto wanapokezana. Wawili wako mbele ya kamera, wawili wako darasani. Mwalimu mmoja anaruhusiwa hadi wanafunzi 10 siku za shule. Kinachowakwamisha wengi ni kukatakata masomo. Kwa mikataba ya chama cha waigizaji Marekani, kipindi kisichofika dakika 20 hakihesabiwi kuwa shule, kwa hiyo ukimwita mtoto baada ya dakika 15 "kwa teki moja tu" umepoteza zile 15 na bado unadaiwa saa tatu kamili.

Uingereza nako hakuko mbali: wa miaka 9 na kuendelea, saa 9 na nusu mahali pa kazi, saa 5 za kuigiza, kibali cha halmashauri, na mlezi mmoja kwa watoto wasiozidi 12.

Kuhusu watoto wadogo kabisa, hao hao Stranger Things walitumia mapacha wawili kumwigiza Holly Wheeler. Ni mbinu ya zamani: mmoja akimaliza saa zake, mwenzake anaingia. Msimu wa tano Holly alipopewa nafasi kubwa, akaletwa mtoto mwingine aliyekua zaidi, Nell Fisher.

Fundi Waya

Nyote mnazungumzia sura, ila anayeruka si yule mnayemwona usoni. Mtoto akirushwa ukutani, mara nyingi aliye kwenye waya ni mwanamke mtu mzima mfupi, aliyevalishwa nguo na nywele za bandia. Mtoto anapigwa picha ya karibu tu: anainuliwa kidogo, uso unaonekana, basi.

Hiyo nayo ina mtego wake. Mbadala anachaguliwa kwa urefu na upana wa mabega. Kijana wa miaka 13 anaweza kuongezeka sentimita kadhaa kabla msimu haujaisha, na yule mama hakui. Pia mkanda wa kubebea mwili unashonwa kwa vipimo: ndoano mbili za nyongani ndizo zinazobeba uzito, na zikikaa juu au chini ya mahali pake mtu anapinduka kichwa chini au miguu inamning'inia kama nguo kwenye kamba. Mtoto anayekua unampima upya kila mara. Na mkanda ukibana mapajani miguu inakufa ganzi, kwa hiyo unamshusha, unalegeza, unapandisha tena. Kwa hili niko na Meza ya Uhariri: mwili uliokwisha kukua unapimwa mara moja.

Binti wa Jioni

Naona mafundi wanaongea na mtazamaji amesahaulika. Kijana wa miaka 14 anayemtazama jamaa wa 24 mwenye kifua cha jimu akiitwa "mwanafunzi mwenzako" anajipima na mwili asioweza kuwa nao. Halafu hadithi za aina hii karibu zote zinabebwa na jambo moja: mwili unabadilika bila ruhusa ya mwenye mwili. Mtu mzima anaweza kuliigiza hilo vizuri, lakini mtoto analo tayari usoni. Msimu ule wa kwanza, Eleven anaongea maneno machache mno. Kazi yote inafanywa na macho.

Nakubali mipaka. Misfits ya Uingereza, nayo ya vijana wenye nguvu za ajabu, iliyoanza kituo cha E4 mwaka 2009, haiwezekani na watoto: matusi, ngono, ulevi, mauaji. Wahusika wale ni vijana wanaotumikia adhabu ya kazi za jamii, na waigizaji wakuu walikuwa wameshavuka 18. Hapo sina ubishi.

Ila kuna njia ya kati hamjaitaja. Heroes, tamthilia ya Marekani ya watu wa kawaida wanaojikuta na nguvu za ajabu, ilipoanza Septemba 2006, Hayden Panettiere alikuwa na miaka 17. Mwaka uliofuata, msimu wa pili unaanza, ameshafika 18 na masharti ya saa yamekwisha. Ukichukua wa 16 au 17 unavumilia msimu mmoja tu.

Meza ya Uhariri

Dada, hiyo ya 17 naipokea. Ila inafaa kama misimu inafuatana kila mwaka, na tamthilia za madoido mazito siku hizi hazifuatani.

Kitabu cha Sheria

Ndipo penyewe hapo. Msimu wa tano wa Stranger Things ulipigwa mwaka 2024, wale wavulana wanne wa mwanzo na Millie wote wameshapita 18. Hawadaiwi darasa tena, na bado kazi ilichukua karibu mwaka mzima. Kabla ya hapo mgomo wa waandishi ulisimamisha mambo Mei hadi Septemba 2023, na wa waigizaji Julai hadi Novemba. Msimu wa nne nao ulikuwa umeshakwamishwa na korona. Tusiwabebeshe watoto lawama ya ucheleweshaji.

Katuni Kwanza

Mbona rahisi? Chora. Wale wa katuni ya Supa Team 4, wasichana wanne wa Lusaka waliobuniwa na Malenga Mulendema, hawatazeeka hata msimu wa pili ungekuja baada ya miaka kumi.

Fundi Waya

Hawazeeki, ila subira iko pale pale: ilitangazwa 2019, msimu wa kwanza ukatoka Julai 2023, sehemu nane.

Pwani Kusi

Na huku kwetu je? Mtu akitaka kupiga kitu kama hiki Dar?

Kitabu cha Sheria

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14. Kwa hiyo mhusika wa miaka 12 tayari una kazi ya kumwona mwanasheria kabla hujaita watu kwenye usaili. Kwa bajeti zetu ningemtafuta wa 18 mwenye umbo dogo, nikaandika mhusika wa 15.

Kinasa

Mmesahau sauti. Matukio ya nguvu za ajabu yanapigwa penye feni za upepo na mashine za moshi, hivyo mazungumzo mengi yanarekodiwa upya studio miezi baadaye. Mvulana aliyepigwa picha Februari akija Septemba sauti imeshakuwa nzito, midomo ni ya mtoto na sauti ni ya baba. Kuipandisha kwa programu kunasaidia kidogo, ukizidisha inakuwa ya roboti. Dawa: teki ikikubalika, zima feni na moshi, mweke mtoto palepale na nguo zilezile, maiki karibu na mdomo, arudie mistari yote mara tatu kwa pumzi ileile ya tukio. Dakika kumi. Mwongozaji atakataa kwa sababu ya zile saa tano, kwa hiyo ziandikwe kwenye ratiba ya siku tangu jana yake.