Tupeane uzoefu: ukitoka jela, kazi ya kwanza uliipataje?

Fundi Geti
Wakuu, jana kaja kijana karakana kuomba kibarua. Anachomelea vizuri kuliko vijana wangu wote. Nilipomuuliza ufundi kajifunzia wapi, akainamisha kichwa. Nikamwelewa, maana na mimi nimetoka huko huko. Mliotoka ndani, na mliowahi kuajiri waliotoka ndani, semeni. Ile kazi ya kwanza ilipatikanaje?

Mama Ajira
Nimepokea maombi ya kazi kwa muda mrefu. Kinachoua watu ni lile swali kwenye fomu, "umewahi kuhukumiwa?" Ukijibu ndiyo, karatasi yako inawekwa pembeni kabla mtu hajasoma unajua nini. Marekani waliotoka gerezani wenyewe walianzisha kampeni mwaka 2004 swali hilo litolewe kwenye fomu ya mwanzo, liulizwe baadaye mtu akishaonekana uwezo wake. Jimbo la Hawaii lilikuwa na sheria ya namna hiyo tangu 1998.

Msafiri
Kweli kabisa mama.

Kijana wa Zamani
Mimi hata kwenye fomu sikufika. Kitambulisho kiliisha muda nikiwa ndani. Bila kitambulisho hufungui akaunti benki, bila akaunti hakuna wa kukulipa mshahara. Nilitoka na nguo nilizokamatwa nazo, zinanipwaya.

Mwanasheria Mstaafu
Kijana, hayo yameandikwa kabisa. Kanuni za Mandela za namna ya kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, kanuni ya 108: anayetoka asaidiwe kupata hati na vitambulisho, pa kukaa, kazi, nguo zinazofaa na uwezo wa kufika aendako.

Kijana wa Zamani
Mimi nilifunguliwa geti tu, mzee wangu.

Chapakazi
Ushauri wangu: ukiulizwa miaka ile ulikuwa wapi, sema ulikuwa serikalini 😂

Mama Ajira
Mkuu usimpotoshe mtu. Akigundulika anafukuzwa kwa uongo, na hapo hana wa kumtetea.

Chapakazi
Mama, wewe unakaa upande wa pili wa meza. Sisi ukweli umetunyima kazi mpaka tumechoka. Mtu ana watoto.

Mwanasheria Mstaafu
Msigombane. Kunyamaza na kudanganya ni vitu viwili. Uingereza kuna sheria ya mwaka 1974: muda uliowekwa ukipita bila kosa jipya, hukumu nyingi huhesabiwa zimekwisha, na kwa kazi nyingi hulazimiki kuzitaja. Kazi kama za kulea watoto zina masharti yake. Kila mtu aulize kwanza sheria ya kwao inasemaje.

Dada wa Ghala
Niacheni nami nitoe langu, limenikaa kooni.
Nilipata kazi ya kufungasha mizigo. Meneja nilimwambia ukweli mwenyewe siku ya usaili, akasema yataishia pale pale. Nikachapa kazi. Siku moja fedha za madereva hazikuonekana kwenye droo. Mimi sikuambiwa kitu. Niliingia nikakuta watu wamenyamaza, mkoba wangu uko juu ya meza, umefunguliwa, vitu vimetandazwa: kitana, dawa zangu, leso, picha ya mwanangu. Picha imetolewa kwenye bahasha yake na kulazwa kifudifudi, mtu katazama mpaka nyuma. Dada niliyekuwa napumzika naye kila mchana akasema, "Tuliambiwa habari zako." Kumbe walikuwa wanajua siku zote.
Nikaokota vitu vyangu kimoja kimoja, wote wananitazama. Jioni mhasibu akapiga simu. Bahasha ya fedha za madereva alikuwa nayo yeye, alipitia kuichukua asubuhi akaenda nayo benki. Hakuna aliyeniambia hata pole. Meneja akasema, "Haya, turudi kazini." Nikarudi, kodi ya nyumba ilikuwa inanisubiri. Ila kuanzia hapo sikubeba mkoba tena kwenda kazini.

Msafiri
Pole sana dada. Nimeumia.

Fundi Geti
Dada, huyo meneja alikuvunjia siri. Ulitokaje pale?

Dada wa Ghala
Kuna mteja alikuwa anaona ninavyofunga mizigo yake. Akanichukua. Tukikosa kitu kazini kwake, tunakitafuta wote.

Chapakazi
Ndiyo maana nasema watu wajiajiri. Achaneni na mabosi.

Kijana wa Zamani
Kwa mtaji upi, mkuu?

Mwanasheria Mstaafu
Kanuni ya 103 ya hizo hizo za Mandela imeliona hilo. Inataka mfungwa alipwe ujira wa haki kwa kazi yake, na sehemu iwekwe akiba akabidhiwe akitoka. Hapo ndipo pa kupigia kelele.

Seremala Mpya
Samahani wakubwa. Cheti changu cha useremala kina muhuri wa gereza. Nikionyeshe au nikifiche?

Chapakazi
Kiache nyumbani. Beba picha za makabati uliyotengeneza.

Mama Ajira
Kipeleke, uliufanya mtihani ukafaulu. Na umtafute mtu anayekufahamu, hata mwalimu wako wa karakana ya ndani, akubali kupigiwa simu.

Fundi Geti
Mimi ningekupa mbao na randa nikuone mkono. Uko tayari kuja na zana zako au huna?

Seremala Mpya
Sina, ila niko tayari.

Fundi Geti
Nitumie ujumbe faragha. Za kuanzia zipo.