Dawa ya magugu ya kwenye udongo imegoma, nirudie dozi?

jembe_butu: Wakuu habari zenu. Nimepanda mahindi, kesho yake nikapiga dawa ya kuzuia magugu kabla hayajaota, ile yenye atrazini na s-metolakloro, dozi nimepima vilevile kama lebo inavyosema. Leo siku ya 14 shamba limeshaanza kuchafuka, mvua yenyewe imenyesha juzi tu. Nimeuziwa feki au? Nataka nirudie, halafu nichomeke maharage katikati ya mistari.

mzee_wa_pampu: Usirudie aisee, unaweza kuunguza zao. Sidhani kama ni feki, ulikosa maji. Dawa hizi kazi yake kubwa ni kukamata gugu likiwa bado linachipua chini ya udongo, sasa lazima mvua izishushe pale mbegu ilipo, milimita 10 mpaka 15 ndani ya wiki ya kwanza hivi. Yako imekaa juu ya vumbi, magugu yakaota kwa unyevu wa chini yakaipita. Mvua ya juzi itasaidia kidogo, yale ya majani mapana ambayo bado madogo yanaweza kuifyonza kwa mizizi, yape siku kadhaa.

shamba_darasa: Na mabonge ya udongo je? Ukipuliza juu ya bonge, chini yake dawa haijafika, likipasuka kwa mvua magugu yanatoka hapohapo kwa vikundi. Chimbua pia gugu moja uone, ukikuta kitunguu kidogo cheusi chini hiyo ni ndago, hapo dawa yako haiiwezi. Maharage sahau kabisa msimu huu. Mahindi yanaivunjavunja atrazini mwilini, maharage hayawezi, yataota vizuri tu halafu majani yaanze njano kwenye kingo na kukauka, utadhani ugonjwa. Ukitaka kuchanganya next time tafuta s-metolakloro peke yake, na usome lebo.

jembe_butu: Duh, mabonge yapo ya kumwaga, nililima haraka haraka. Nimechimbua, ndago ipo kona ya chini, kwingine majani mapana. Ngoja niingie na jembe.

mzee_wa_pampu: Parua juujuu tu, ukilima kwenda chini unapandisha mbegu mpya za magugu na dawa iliyobaki unaifukia.

jembe_butu: Sawa mzee. Maharage nimerudisha stoo.