Mbuzi wa uigaji: modeli inachanganya vitendo akigeuka au akiwa mteremkoni

Isyesye_Roboti (Mbeya)
Wakuu, habari za kazi. Nina mbuzi ndani ya MuJoCo (programu ya kuigiza mwendo wa miili kwenye kompyuta): kimo cha nyonga sm 50, viungo 12 vya miguu na 2 vya shingo, hatua ya muda sekunde 0.002. Nataka modeli itambue vitendo vitano: kusimama, kulala, kula majani, kutembea na kukimbia. Inapokea qpos (namba za mahali na mikao) na qvel (namba za kasi) zote, kwa madirisha, yaani vipande, vya sekunde 2. Mbuzi akienda mbele kwenye tambarare, majibu ni mazuri. Akigeuka kushoto, kutembea kunaitwa kusimama. Akiteremka milima kama ile ya Uporoto, kutembea kunaitwa kula. Niongeze data, au tatizo liko kwingine?

Gangilonga_IR
Kamwene mkuu. Usiongeze data kwanza. Tatizo ni kwamba unampima mbuzi ukiwa umesimama nje yake.

Namba 7 za mwanzo za qpos ni mahali alipo duniani (3) na kwatenioni, yaani namba zinazoeleza mwili umegeukia wapi (4). Kwenye qvel, 3 za mwanzo ni mwendo kwa mihimili ya dunia, ila 3 zinazofuata ni mzunguko kwa mihimili ya mwili wake. Umechanganya mifumo miwili bila kujua, na modeli imekariri kwamba kutembea ni kusogea upande wa x. Kwatenioni nayo ina mtego wake: q na -q ni mkao uleule, lakini modeli inaona mikao miwili.

Ondoa hizo 13 zote. Weka site (alama ya mahali pa kufungia vihisi) kifuani, ifungie vihisi vya accelerometer (mchapuko), gyro (mzunguko) na velocimeter (kasi). Vyote vitatu husoma kwa mihimili ya mwili. Mbuzi akitulia, accelerometer itaonyesha 9.81 kuelekea juu. Hiyo si hitilafu, iache, kwa sababu ndiyo inayoeleza mwili umeinamaje. Kwa uelekeo wa juu usiochafuliwa na mishtuko ya kwato, chukua namba tatu za mwisho kati ya tisa za xmat (jedwali la 3 kwa 3 la mgeuko) ya kiwiliwili. Kisha pembe 14 za viungo na kasi zake, na kihisi cha touch (mguso) kwenye kila kwato na chini ya kifua. Site ya touch lazima iwe na ujazo unaofunika sehemu inayogusa ardhi, la sivyo utasoma sifuri siku nzima.

Hicho cha touch cha kifuani usikiache. Mbuzi hulala kifudifudi mgongo ukiwa sawa, kwa hiyo accelerometer peke yake haitofautishi aliyelala na aliyesimama. Magoti yaliyokunjwa na kifua kinachogusa chini ndivyo vinavyotofautisha.

Kutembea na kukimbia usivitenganishe kwa kasi tupu. Anapotembea, kila kwato hukaa chini zaidi ya nusu ya muda wa hatua. Akikimbia kwa mshazari, kwato ya mbele kushoto hutua pamoja na ya nyuma kulia. Ukitaka modeli ifae na wanambuzi, gawanya kasi kwa kipeuo cha pili (square root) cha 9.81 mara kimo cha nyonga kwa mita: kwa sm 50 ni 2.2 m/s, kwa sm 25 ni 1.6.

Tukuyu_Data
Naongezea kwenye kuandaa data. Sampuli 500 kwa sekunde ni nyingi mno, 50 zinatosha. Lakini usiokote moja kila baada ya kumi, chukua wastani wa hizo kumi. Mshtuko wa kwato ni mfupi, ukiokota tu utageuka mtikisiko wa uongo wa polepole.

Gawa data ya kufundishia na ya kupimia kwa mizunguko mizima ya uigaji. Madirisha yanayopishana nusu yakiangukia pande zote mbili, unapima kumbukumbu. Lebo pia ziandike kwa alichofanya mbuzi, maana aliyeamriwa kutembea akaanguka hatembei.

Mteremko hauhitaji kujenga mlima. Inamisha mvutano: kwa nyuzi 15 weka gravity kuwa -2.54 0 -9.48, kisha uzungushe mwelekeo wake katika kila mzunguko, ili mbuzi apande, ateremke na akate ubavuni.

Gangilonga_IR
Njia nzuri, ila ukiinamisha mvutano, zile namba tatu za xmat haziwi tena uelekeo wa juu. Chukua vekta ya mvutano, igeuze ishara, igawe kwa 9.81, kisha izidishe kwa xmat iliyopinduliwa safu kuwa nguzo.

Isyesye_Roboti (Mbeya)
Nimewaelewa, asanteni sana. Baadaye nataka kuihamishia kwenye kola ya mbuzi halisi. Vihisi vya viungo si havitakuwepo?

Tukuyu_Data
Havitakuwepo, na hata velocimeter huna. Fundisha modeli ya pili kwa site ya shingoni, accelerometer na gyro tu. Kola huzunguka shingoni, kwa hiyo kila mzunguko wa uigaji geuza data kuzunguka mhimili wa shingo kwa pembe ya bahati nasibu, nyuzi 0 hadi 360, vihisi vyote viwili kwa pembe ileile. Kula kutaonekana vizuri, kwa sababu shingo huinama. Kulala na kusimama unganisha kuwa "ametulia". Kola moja haiwezi kuvitenganisha kwa uhakika. Ukivihitaji, funga kihisi cha pili mguuni.