Hivi kuruka kwa upondo, watu wawili wanagawanaje dhahabu moja?

Kahawa_Chungu (Ujiji)
Habari za jioni wakuu. Naomba msaada maana hapa kijiweni tumegombana tangu juzi mpaka muuza kahawa katishia kukusanya vikombe vyake. Iko hivi, mpwa wangu yuko likizo na simu yake imejaa video za riadha, akatuwekea fainali ya wanawake ya kuruka kwa upondo, ule mchezo wa kukimbia na fito ndefu unajiinua nayo kuvuka mtambaa panya uliowekwa juu, mashindano ya dunia Budapest 2023. Mabinti wawili, Katie Moon wa Marekani na Nina Kennedy wa Australia, wote wakavuka mita 4.90, mtambaa panya ukapandishwa 4.95 wote wakakosa mara tatu tatu, mi nikajua sasa ndo ngoma inaanza, nikavuta kigoda mbele, ghafla naona wameongea maneno mawili matatu wanakumbatiana na mchezo umeisha. Dhahabu kila mtu na yake!!

Mzee mmoja hapa akasema huo ni usanii. Hoja yake ni Simbu wetu, marathoni ya mashindano ya dunia Tokyo 2025, mtu kakimbia kilomita 42 na ushee, kamaliza muda mmoja na yule Mjerumani Petros, wote 2:09:48, na bado ikakaguliwa picha mpaka ikapatikana tofauti ya sekunde 0.03, Simbu dhahabu, mwenzie fedha. Sasa hao wa kuruka mbona hawakutafutiwa tofauti? Af mpwa wangu akamwaga petroli, et kuna Mmarekani mwingine, Sandi Morris, kashalingana kimo na mshindi mara mbili na mara zote kapewa fedha. Huyo mbona hakugawiwa? Mi nimeweka dau samaki, migebuka miwili, kwamba kuna upendeleo, nisaidieni kabla sijaumbuka.

Mwl_Mstaafu (Tabora)
Mdogo wangu wa Ujiji, andaa migebuka.

Tofauti ilitafutwa. Kwenye mchezo huu hawaangalii kimo tu, wanaangalia na ulikosa mara ngapi njiani. Ukikosa mara tatu mfululizo umetoka. Watu wakilingana kimo, kwanza wanaangalia nani alikosa mara chache kwenye kimo cha mwisho walichovuka. Wakilingana hapo, wanajumlisha makosa yote tangu walipoanza mpaka kimo hicho. Nimefundisha kuruka juu, ule wa bila upondo, miaka mingi, nimepeleka watoto UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, na sheria ni hiyo hiyo, nilikuwa nawaambia ukiangusha kimo cha kitoto umekopa, deni utadaiwa mwishoni. Huyo Sandi Morris ndo yaliyomkuta. Olimpiki ya Rio 2016 yeye na Katerina Stefanidi wa Ugiriki wote 4.85. Mashindano ya dunia Oregon 2022 yeye na huyu huyu Katie wote 4.85 tena. Mara zote daftari la makosa likamkataa.

Budapest daftari likasomwa, sare. Makosa ya 4.90 sawa, ya jumla sawa. Na hapo picha ya Simbu haisaidii kitu, maana kinachopimwa ni ule mtambaa panya umewekwa wapi, si mwili wa mtu umepita wapi, upite kwa unene wa unywele au kwa nafasi ya kupitisha mtumbwi unaandikiwa 4.90 ile ile. Kilichobaki ni kama penati, kila mtu anaruka mara moja, mnaanzia kimo kinachofuata, mkikosa wote kinashushwa sentimita 5, mkivuka wote kinapandishwa sentimita 5, mpaka mmoja apatikane. Ila sheria inawaruhusu wenyewe kusema basi, tunaishia hapa, na wakisema hivyo wote ni wa kwanza. Waliamua wao, si afisa.

Kasulu_Finest
Mwalimu shikamoo. Nimekuelewa vizuri ila roho bado haijatulia. Sheria inaruhusu sawa, lakini mi shabiki nimekaa nasubiri mshindi mmoja af mnaniambia mmechoka? Angalia Olimpiki ya Paris 2024 kuruka juu wanaume, Hamish Kerr wa New Zealand na Shelby McEwen wa Marekani wamelingana 2.36, hawakugawana, wakarukiana, mtambaa ukawa unashushwa tu, kwao ni sentimita 2 2 si 5, mwisho Kerr akavuka 2.34 akabeba. Huo ndo uanaume bana, hiyo ya kukumbatiana ni woga.

Mwl_Mstaafu (Tabora)
Marahaba mwanangu. Ila huo uanaume umeuleta wewe, haya twende nao. Miaka miwili kabla ya hao mabinti, Olimpiki ya Tokyo, wanaume wawili, Barshim wa Qatar na Tamberi wa Italia, walilingana 2.37 kuruka juu wakakubaliana kugawana dhahabu. Unakumbuka watu walivyosifia? Urafiki, utu, sijui nini. Wanawake wamefanya kilekile imekuwa woga.

Na hao waoga wako angalia walichofanya baadaye. Paris 2024 Kennedy alishinda peke yake kwa 4.90, Moon wa pili 4.85. Tokyo 2025 Kennedy hakuwepo, majeruhi, Moon akachukua peke yake, 4.90 tena. Wa pili nani? Sandi Morris, 4.85. Huyo dada ana fedha za dunia London 2017, Doha 2019, Oregon 2022, Tokyo 2025, weka na ile ya Rio. Kwenye mashindano ya dunia ya ndani ya ukumbi amechukua dhahabu mara mbili, 2018 na 2022, lakini nje kwenye uwanja mkubwa hajaionja hata moja. Kama una huruma ya kugawa mpelekee huyo.

Kasulu_Finest
Nimekaa chini mwalimu 🙏 ila kushangilia sare sishangilii

Mzee_wa_Mtumbwi (Uvinza)
Mi nimeingia humu kwa sababu ya neno upondo tu, nikajua mnaongelea mambo yetu. Huku Malagarasi upondo ndo unasukumia mtumbwi kwenye maji madogo, na nawaambia ukiukita kwenye tope ukachelewa kuuchomoa mtumbwi unaenda wewe unabaki unaning'inia kama nguo, kwaiyo kuruka kwa upondo tunakujua zamani sana bila kupewa medali yoyote. Maswali yangu mawili. La kwanza, wa kwao nimeuona unapinda mpaka nafumba macho nikijua umekatika, ni mti gani ule? La pili, kama makosa ya vimo vya chini ni deni, si bora usiruke chini kabisa, unakaa zako unasubiri kule juu?

Mpwa_Likizo
Mzee shikamoo, mi ndo yule mpwa wa kwenye kesi. Ule si mti, zamani ilikuwa mianzi kweli ila siku hizi ni faibaglasi na kaboni. Mbio zote anazokuja nazo zinaingia kwenye ule mpindo, upondo ukinyooka unamrushia juu. Kila upondo umeandikwa unafaa mrukaji wa uzito gani, kwaiyo mtu anakuja na kadhaa, kimo kikipanda anachukua mgumu zaidi. Na ukivunjika wakati anaruka haihesabiwi amekosa, anarudia.

La kusubiri juu linaruhusiwa ila ni kamari. Yelena Isinbayeva wa Urusi, mwanamke wa kwanza kuvuka mita 5, Berlin 2009 mashindano ya dunia alikaa anaangalia wenzie mpaka 4.75 ndo akaingia. Akakosa. Akasema hii naiacha niwekeeni 4.80, akakosa mara mbili, ametoka bila hata kimo kimoja kuandikwa! Dhahabu ikaenda kwa Anna Rogowska wa Poland kwa hiyo hiyo 4.75. Siku 11 baadaye huyo huyo Isinbayeva akaruka 5.06 kule Zürich, rekodi ya dunia, mpaka leo hamna mwanamke aliyeivunja.

Mzee_wa_Mtumbwi (Uvinza)
Marahaba. Siku 11! Yani kakosa kitoweo sokoni kaenda kuvua nyangumi

Kahawa_Chungu (Ujiji)
Wakuu migebuka imeshakaangwa na imeshaliwa, na aliyeila ni huyo huyo mpwa kwa pesa yangu, mzee wa usanii naye kapewa kichwa kimoja akanyamaza. Mwalimu asante sana, nimesoma maelezo yako kwa sauti kijiwe kizima. Swali la mwisho kuna mtu kauliza hapa, hayo ma-upondo hayakunjwi, sasa yanasafirije? Maana fikiria mtoto wa Kigoma kafuzu mashindano ya Dar.

Mpwa_Likizo
Yanafungwa pamoja kwenye mfuko mrefu mjomba, mita nne na ushee, na ndo kilio chao kila safari maana ndege nyingine zinagoma kuyapakia. Hata uwanjani yanapotea, Fabiana Murer wa Brazil Olimpiki ya Beijing 2008 upondo wake mmoja haukuonekana katikati ya fainali, ikabidi aanze kuutafuta mashindano yanaendelea.

Kasulu_Finest
Kwa basi la huku konda atakukatia tiketi nne za mzigo na bado atakwambia ushike mwenyewe dirishani mpaka Tabora 😂