Imeli zinaingia lakini hazitoki tangu niweke faiba ya nyumbani

karani_donholm, saa 1:42 jioni

Wasee habari za jioni. Nimekwama na sijui hata nianzie wapi. Mimi hushikia watu vitabu vya hesabu, maduka mawili matatu ya vipuri pale Kirinyaga Road na jamaa mmoja wa hardware, na mwezi uliopita niliachana na ile ofisi ya kugawana mjini nikaamua kufanyia kazi nyumbani, nikavutiwa faiba. Intaneti yenyewe sina neno nayo, watoto wanaona katuni na mimi napakua makaratasi yangu bila kukwama. Shida ni imeli ya kazi, ile yenye domeni yangu. Zinaingia kwa Thunderbird, ile programu ya imeli kwa laptopu, vizuri kabisa lakini nikituma kale kamstari kanatambaa, kanatambaa, dakika nzima hivi, halafu naambiwa imeshindwa kufikia seva ya kutuma, muda umeisha.

Nimezima rauta nikawasha. Nimepigia watu wa faiba, msichana akaniambia laini iko sawa, ongea na watu wa imeli. Watu wa imeli wakasema seva iko sawa, ongea na watu wa intaneti. Nimekuwa mpira wa makaratasi.

Na kitu inanimaliza kabisa ni kwamba simu yangu ikiwa kwa waifai hiyo hiyo inatuma imeli hiyo hiyo bila noma. Leo ni tarehe 18, VAT mwisho ni tarehe 20, mteja anangoja kupitia hesabu yake kabla niiingize iTax, ule mfumo wa kodi wa KRA, na nimeishia kumtumia kwa WhatsApp kama picha za harusi.

Setingi ziko hivi: seva ya kutuma ni mail halafu domeni yangu, poti 25, usalama hakuna. Aliniwekea kijana fulani 2016 na sijawahi kugusa juu ilikuwa inafanya kazi.

mkali_wa_antena, saa 1:50 jioni

Hiyo ni firewall bana, ule ukuta wa usalama wa kompyuta. Zima firewall, zima antivairasi, ikikataa nunua IP ya kudumu, namba ya intaneti isiyobadilika, kwa hao watu wa faiba. Mimi nilifanya hivyo na mambo ikawa shwari.

waya_mbili, saa 2:05 jioni

Karani usizime kitu chochote na usinunue kitu chochote. Jibu umeliandika mwenyewe kwa ule mstari wa mwisho, poti 25.

Kuingia na kutoka kwa imeli ni milango tofauti, na kila mlango uko na namba yake, hiyo ndiyo poti. Kusoma kunapitia IMAP, kawaida poti 993, ndiyo maana inbox yako haina shida. Kutuma ni SMTP, na hiyo 25 ni ya seva kuongea na seva nyingine. Kitambo hata kompyuta za watu nyumbani zilikuwa zinaitumia, lakini kompyuta zikaanza kushikwa na virusi na kutapika spamu kupitia hiyo poti usiku kucha bila mwenyewe kujua, kwa hivyo kampuni nyingi za intaneti ulimwenguni huifunga kwa laini za nyumbani. Yule msichana hakukudanganya, laini iko sawa. Na wa imeli hawakukudanganya, seva iko sawa. Ni vile hakuna aliyekuuliza unatumia poti gani.

Hebu fungua setingi za imeli kwa simu uone kule inatumia poti gani. Naweza kuapa si 25.

karani_donholm, saa 2:21 jioni

Heh. Simu iko na 465. Iliingia yenyewe, mimi niliweka jina na paswadi tu.

Lakini nitajuaje ni watu wa faiba wamefunga na si seva yangu imekataa? Nisije nikapiga simu nikaanza kelele na kosa ni langu.

waya_mbili, saa 2:33 jioni

Swali zuri. Kama uko Windows fungua PowerShell, ile programu ya kuandikia kompyuta amri, uandike hivi:

Test-NetConnection smtp.gmail.com -Port 25

Hiyo ni seva ya Google, haihusiani na yako hata kidogo. Ngoja kidogo, angalia mstari wa mwisho unaoanza na TcpTestSucceeded. Halafu rudia na 587 badala ya 25. Ikiwa 25 ni False na 587 ni True basi mlango umefungwa huku kwako, si huko kwa seva. Ukimaliza jaribu hiyo 587 na jina la seva yako mwenyewe.

karani_donholm, saa 2:47 jioni

25 False. 587 True. Seva yangu 587 True pia. Sasa?

Shosh_wa_Seva, saa 2:58 usiku

Sasa keti chini tukutengenezee. Thunderbird, ingia Account Settings, shuka mpaka chini kabisa upande wa kushoto, hapo ndipo imeficha seva za kutuma, hazikai pamoja na akaunti yenyewe na watu wengi huzitafuta mpaka wakakata tamaa. Badilisha poti iwe 587, kwa usalama chagua STARTTLS, na kwa njia ya kuingia chagua paswadi ya kawaida. Jina la kuingia liwe imeli nzima pamoja na domeni. Ama uweke 465 na SSL/TLS kama simu, zote mbili ni halali, lakini usichanganye, mtu akiweka 465 na STARTTLS itakaa tu hapo ikimwangalia.

Na wewe mkali wa antena, IP ya kudumu ni pesa ya kila mwezi kwa shida ya bure. Kuzima antivairasi kujaribu dakika mbili sawa, juu ziko zingine hujiweka katikati ya imeli na kuharibu, lakini si kuzima na kwenda kulala.

Kitu ingine Karani. Umesema usalama hakuna. Hiyo paswadi yako imekuwa ikitembea uchi kwa mtandao tangu 2016, na ulikuwa kwa ofisi ya kugawana waifai na watu usiowajua. Ukishamaliza kutuma hesabu za watu, badilisha paswadi.

karani_donholm, saa 3:26 usiku

Shosh shikamoo. Nimefanya vile umesema, kwanza ikaniletea onyo ati cheti si cha jina hilo, nikaogopa nikafunga. Nikajaribu tena nikakubali onyo, ikakataa na 535.

Shosh_wa_Seva, saa 3:34 usiku

Marahaba. Usikubali onyo tu ovyo, lisome. Domeni yako iko kwa seva moja na domeni za watu wengine wengi, na cheti kimeandikwa jina la ile seva yenyewe, si jina lako. Ni kama kuitisha mtu kitambulisho, akuonyeshe chenye jina la landilodi. Ingia kule kwa paneli ya watu wa domeni, ule ukurasa wa kusimamia akaunti yako, mahali pa imeli wameandika jina kamili la seva ya kutuma, weka hilo badala ya mail na domeni yako. Onyo litapotea. Na ile alama ya kukubali uliyoweka, ifute.

535 maana yake umefika mlangoni na seva inakuongelesha, ila jina ama paswadi si sawa. Umeandika jina nzima kweli?

karani_donholm, saa 3:49 usiku

Nilikuwa nimeacha domeni. IMETOKA!! Nimejitumia kwa Gmail ikaingia kabla sijafungua ile tab. Waya mbili na Shosh mbarikiwe, chai iko juu yangu. Nabadilisha paswadi sai kabla nisahau.

nyakati_za_Roysa, saa 4:10 usiku

Samahani naingilia. Mimi yangu ni Gmail ya kawaida kwa Outlook ya zamani, poti 587 niko nayo lakini inakataa paswadi na niko sure ni hiyo, kwa browser inaingia.

waya_mbili, saa 4:18 usiku

Google waliacha kukubali paswadi ya kawaida kwa programu kama hizo tangu Mei 2022. Washa kwanza ule uthibitisho wa hatua mbili kwa akaunti, halafu utengeneze paswadi ya programu, ni herufi 16, hiyo ndiyo unaweka kwa Outlook. Andika bila nafasi. Ukipenda ufungue uzi wako tusimchanganye Karani.

karani_donholm, saa 2:15 asubuhi

Wazee nimerudi na aibu. Usiku ilikuwa inafanya kazi, nikalala kama mfalme. Asubuhi hakuna kutuma, hakuna kupokea, hata simu kwa waifai haitumi, hata tovuti yangu mwenyewe haifunguki! Tovuti zingine zote ziko sawa. Nikizima waifai nitumie bando, kila kitu kinafunguka. Ni nini tena, watu wa faiba wamenikasirikia ama?

mkali_wa_antena, saa 2:22 asubuhi

Nilisema IP ya kudumu.

Shosh_wa_Seva, saa 2:40 asubuhi

Wacha wee. Hii si faiba tena, hii ni seva yako imekufungia. Seva za kugawana huhesabu mtu anayekosea paswadi, ukikosea mara kadhaa kutoka IP moja inaweka hiyo IP kwa orodha na kuifungia kila kitu, imeli, tovuti, paneli. Kwa bando uko na IP nyingine ndiyo maana unaingia.

Sasa swali ni nani anakosea paswadi usiku mzima na wewe umelala. Jana ulibadilisha paswadi. Uliiweka mpya wapi na wapi?

karani_donholm, saa 2:46 asubuhi

Laptopu na simu tu. Sina kingine.

Shosh_wa_Seva, saa 2:49 asubuhi

Fikiria vizuri. Simu ya zamani, kompyuta ya mama watoto, kitu chochote kilichowahi kuwekwa hiyo imeli. Hizo zinapiga hodi kila baada ya dakika chache na paswadi ya zamani na hazichoki.

karani_donholm, saa 3:05 asubuhi

Nimepata mwizi. Tableti ya watoto. Wakati wa corona niliweka imeli ya kazi pale juu laptopu ilikuwa imeharibika skrini, nikasahau kabisa. Nimeitoa chini ya kitanda na ubuyu umekauka kwa kioo, na hapo juu kuna alama nyekundu ati weka paswadi upya. Kijana wangu anasema hiyo alama imekuwa ikimsumbua kwa gemu tangu jana usiku na alikuwa anaifuta tu.

Nimetoa akaunti. Lakini bado imefungwa.

waya_mbili, saa 3:12 asubuhi

Itabaki imefungwa kwa muda, zingine hujifungua zenyewe, zingine mpaka mtu. Usingoje na hiyo VAT. Ukiwa kwa waifai tafuta kwa Google IP yangu ni gani, nakili ile namba, halafu kwa bando ingia kwa paneli ufungue tiketi. Usiwaambie imeli haifanyi, watakurudishia yale majibu ya jana. Waambie IP hii imefungiwa na firewall yenu juu ya paswadi kukosewa, kifaa nimeshakitoa, naomba muifungue. Na kwa laini nyingi za nyumbani hiyo IP mnagawana na majirani, kwa hivyo kuzima rauta si lazima ikupe nyingine.

karani_donholm, saa 5:37 asubuhi

Wamefungua, imechukua kama nusu saa hivi baada ya kuwaandikia na hayo maneno. Sikuamini, hawakuuliza hata swali moja. Hesabu ya yule wa Kirinyaga Road imetoka kwa imeli kama ya watu wa heshima na ameshajibu, ati mbona kuna risiti mbili za break pad zile zile. Wacha niende nikaangalie.