Naomba ushauri: kipimo cha FMR1 kwa akina mama kinatoa kilele kimoja tu

Wakuu wa maabara, naomba msaada. Tunapima ugonjwa wa X dhaifu (fragile X), chanzo kikubwa cha ulemavu wa akili unaorithiwa; hutokea herufi za DNA CGG zinapojirudia zaidi ya mara 200 kwenye jeni la FMR1 lililo katika kromosomu X. Damu iko kwenye EDTA ya kuzuia kuganda, si heparini (inazuia PCR, yaani kunakili DNA), na mchanganyiko una betaini na DMSO kwa sababu CGG nyingi hujikunja na kimeng'enya hukwama.

Kila urefu wa marudio ya CGG ulionakiliwa huonekana kama kilele kwenye grafu. Wanaume, wenye X moja, hawasumbui: kukosa kilele kabisa ni dalili ya kutosha kuendelea na vipimo. Tatizo ni akina mama, wenye X mbili. Kilele kimoja, tuseme marudio 30, kinaweza kumaanisha kromosomu zote mbili zina 30, jambo la kawaida sana. Au ya pili ina zaidi ya 200 na PCR imeshindwa kuivuka. Kuandika "kawaida" hapo ni hatari, maana mama mwenye marudio 55 hadi 200 naye anaweza kuzaa mtoto mwenye zaidi ya 200.

Swali langu: DNA iliyobaki ni mikrogramu 2 tu kwa kila mmoja, na bloti ya Southern (DNA hukatwa kwa vimeng'enya EcoRI na EagI, kisha ukubwa wa vipande huonekana) inataka kama 5 hadi 10. Nianze na PCR yenye praima (kipande kifupi cha DNA kinachoanzisha kunakili) inayoshika ndani ya CGG, nione kama mkia wa vilele unapita 55, au niombe damu upya? Na mkia ukififia mapema, mnatofautishaje DNA iliyochakaa na marudio ya CGG yaliyokatizwa katikati na herufi AGG? Hili la mwisho ndilo linalonitatiza zaidi.