Wachambuzi waliocheza mpira zamani: nimsikilize nani, wao au kipa wangu?

Kocha wa Mchangani

Wakuu, habari za Jumapili. Nafundisha vijana wa chini ya miaka 15 huku Mbagala. Kiwanja chetu ni mchanga mtupu, goli moja lina nyavu, lingine tunaamuana kwa imani. Kipa wangu ana miaka 14, ana mikono mizuri na miguu inayofundishika. Wiki tatu nzima nimekaa naye kumfundisha kuanzisha mpira chini: mabeki wa kati wanafunguka pembeni ya boksi, namba sita, yaani kiungo mkabaji, anashuka, kipa anatazama kwanza ndipo anatoa.

Jana kwenye mechi akampa namba sita aliyekuwa amewapa mgongo wapinzani. Akaporwa, goli. Sasa pembeni pale hukaa mzee mmoja aliyecheza ligi enzi zake. Simtaji, mtaa mzima unamheshimu na mimi pia. Aliinuka kwenye kiti chake cha plastiki akapaza sauti: "Kipa kazi yake kudaka! Enzi zetu ukifanya hivyo kipindi cha pili hurudi!" Dogo alisikia. Kipindi cha pili kila mpira ulioingia miguuni mwake alibutua. Mmoja uliangukia kijiwe cha bodaboda, tukarudishiwa baada ya muda, na maneno juu. Tukafa moja bila.

Usiku naingia kibanda umiza kutazama Ligi Kuu ya Uingereza. Mapumziko wakaonyeshwa watatu waliovaa suti, wote waliwahi kucheza. Kijana mmoja anajua Kiingereza akawa anatutafsiria. Wallahi maneno ni yale yale ya mzee wangu! Kipa asichezee moto, siku hizi hakuna wanaume uwanjani, wachezaji wanadekezwa. Tofauti ni suti tu.

Swali langu: hawa watu wana hoja, au wanaulilia ujana wao? Na Jumatano nina mazoezi. Dogo nimwambie nini?

Mtoto wa Takwimu

Kocha usibabaike. Alan Hansen alikuwa beki wa Liverpool, ana makombe manane ya ligi na matatu ya Ulaya, mtu mzito kabisa. Agosti 1995 Manchester United walipopigwa 3-1 na Aston Villa, akasema kwenye televisheni kwamba huwezi kushinda chochote ukiwa na watoto. Watoto wenyewe ni kina Beckham, Scholes na wale ndugu wawili wa Neville. Msimu ukaisha wana ligi na Kombe la FA.

Au Guardiola pale Manchester City. 2016 alimtoa kipa Joe Hart kwa sababu ya miguu, akamleta Claudio Bravo, na Bravo akachemka kweli. Desemba wakala nne kwa Leicester. Alipoulizwa habari za takolini, yaani kumwingilia mtu kumpora mpira, Guardiola akajibu kwamba hafundishi takolini. Jamaa wa studio walimcheka mwezi mzima. Akamleta Ederson 2017, msimu ule City wakamaliza na pointi 100. Waliocheka bado wapo studio, wamevaa tai zile zile.

Mpe dogo muda. Hao wazee hata xG, ile hesabu ya ubora wa nafasi za goli, wanadhani ni aina ya gari.

Mkeka Umechanika

Mimi sina utaalamu, nina hasara. Niliwahi kumfuata mchambuzi mmoja aliyekuwa mshambuliaji, nikaweka timu nane kwenye mkeka wa kubeti kama alivyozitaja. Mkeka ulichanika mechi ya kwanza kabisa, jua bado kali. Tangu hapo nikimwona nazima sauti, nabaki naangalia mikono inavyopepea. Kocha mwache dogo apige pasi.

Beki Mstaafu, Morogoro

Vijana, ngojeni niwatetee wenzangu kidogo kabla hamjatufukia. Nilicheza namba nne mpaka goti la kulia lilipokataa.

Mnasema "butua" kama vile ni ujinga. Kwetu ilikuwa hesabu. Mpaka 1992 beki alikuwa akibanwa anamrudishia kipa, kipa anauokota kwa mikono, mchezo unapoa. Kipa wa nini awe na miguu? Mwaka ule sheria ikabadilika, mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake haruhusiwi kuushika. Nawaambieni makipa wa rika langu walizeeka kwa siku moja. Hata ile goli-kiki fupi mnayoiona ya kisasa, ni 2019 tu ndipo iliporuhusiwa beki kuipokea ndani ya boksi. Zamani ilikuwa lazima mpira utoke kwanza nje ya boksi, kwa hiyo mshambuliaji alikuwa anakungojea pale pale unapopokelea. Ongeza na viwanja vyetu vyenye vichuguu, pasi ya mita kumi inaruka mara tatu. Mtu mwenye akili kwenye kiwanja kile alikuwa anabutua.

Tatizo ni kwamba sababu zimeondoka, sisi tumebaki na jibu.

Na kuna dhambi nyingine, hii naungama mwenyewe. Kuna redio moja iliwahi kunialika kuchambua mechi ambayo, Mungu anisamehe, sikuiangalia. Nilikuwa msibani. Mtangazaji akaniuliza kuhusu beki wa kushoto wa timu iliyofungwa. Nikavuta pumzi nikasema, "Yule kijana hana moyo. Havai jezi kwa uchungu." Simu zikaanza kuingia za kunipongeza! Wiki iliyofuata wakaniita tena. "Moyo" ndilo chaka letu. Ukikosa la kusema kuhusu nafasi aliyosimama, au nani alipaswa kumfuata winga, sema hana moyo. Nani atakupima?

Roy Keane nampenda, alikuwa kiungo hasa. Lakini 2020, De Gea, kipa wa Manchester United wakati ule, alipofungwa na Tottenham, alisema yeye angekuwa anarusha ngumi mapumziko. Sawa, tukacheka. Sasa kipa mdogo anayeangalia kajifunza nini hapo? Kwamba akikosea atapigwa. Hajui alikosea wapi.

Kocha, turudi kwa dogo wako. Uliangalia pasi yenyewe? Mchanga unakula mpira. Pasi inayomfika mtu kwenye nyasi, kwenye mchanga inafia njiani, mwenzako inabidi aifuate huku ameshuka mabega, na hapo ndipo anaporwa. Kwa hiyo kwanza nguvu. Pili, huyo namba sita wako alitazama nyuma kabla mpira haujatoka? Siyo wakati umeshafika, kabla. Bega hili, bega lile. Nina wasiwasi kosa halikuwa la kipa.

Dada wa Namba Nane

Shikamoo mzee wangu wa Morogoro. Hilo la kuungama nimelipenda.

Mimi nina kinyongo na "mpira wa wanaume". Agosti 2022, Chelsea na Tottenham walitoka 2-2, mechi ya vurugu, makocha wawili karibu wakunjane. Graeme Souness, kiungo wa zamani wa Liverpool, akafurahi studioni akasema mpira umerudi kuwa mchezo wa wanaume. Pembeni yake amekaa Karen Carney, mechi 144 za timu ya taifa ya Uingereza. Na wiki mbili kabla ya hapo, wanawake wa Uingereza walikuwa wamebeba Kombe la Ulaya pale Wembley mbele ya Wajerumani. Baadaye Souness akajitetea kwamba alikuwa anazungumzia mechi ile tu aliyoiangalia. Mimi nilimtazama Carney usoni. Uso ule naujua, nimeuvaa miaka mingi.

Takolini napenda, nimekula na nimetoa. Kinachoniudhi ni mtu kufikiri ukali una jinsia. Kwetu tulipokuwa tunafanya mazoezi kulikuwa na babu, kila siku lazima aseme, "Binti, huo mchezo utakuharibia miguu." Kila siku! Na Jumamosi asubuhi wa kwanza kuuliza mechi saa ngapi ni yeye.

Mtoto wa Takwimu

Mzee Beki shikamoo, naondoa lile la gari.

Ila nikubali jambo moja linaniuma. Stoke walipopanda Ligi Kuu 2008, mchezaji wao Rory Delap alikuwa anarusha mpira kwa mikono kama kona. Vijana wa takwimu tukasema huo si mpira. Msimu wa 2025/26 timu nyingi zilikuwa na mrushaji wao, taulo zikiwa pembeni ya uwanja, na walioirudisha mirusho hiyo ni wale wale wenye kompyuta. Wazee walikuwa wanasema siku zote mipira ya kutenga, kama kona na faulo, inashinda mechi, tukawaona washamba.

Mkeka Umechanika

Kwa hiyo niwafuate au nisiwafuate? Leo kuna mechi saa kumi na moja.

Beki Mstaafu, Morogoro

Wewe usimfuate mtu yeyote, lipa kodi ya nyumba.

Marahaba wanangu. Mtoto wa Takwimu, na wewe usije ukadhani anayejua kueleza ndiye anayejua kufundisha. Gary Neville na ile skrini yake anachambua vizuri kuliko wengi, mimi namkubali. Desemba 2015 wakampa ukocha wa Valencia ya Hispania. Mechi 16 za ligi alishinda tatu, na Barcelona wakampiga saba kwenye Kombe la Mfalme. Machi wakamwondoa. Studio mpira unasimama ukiuambia usimame.

Na kuhusu makipa, hata mimi nilichelewa kuelewa. Kipa Diarra alipokuja Yanga 2021, kila akikanyaga mpira mshambuliaji akija, mimi jukwaani nilikuwa nashika kichwa na kusema maneno ambayo siyaandiki hapa. Ilinichukua karibu msimu mzima kugundua kwamba anamngoja yule mshambuliaji asogee, ili nyuma yake pabaki wazi. Kumbe alikuwa anamvuta. Miaka yote hiyo ya mpira, na nilielezwa na mjukuu wangu.

Kocha wa Mchangani

Wakuu, naleta mrejesho. Jumatano nilimfuata yule mzee kwake kabla ya mazoezi, nikamwambia, "Mzee wangu, leo sitaki utuambie, nataka uingie." Akaniangalia kama namtania. Akaja na raba, suruali ya kitambaa ameikunja.

Nikamsimamisha kama namba sita, dogo golini, vijana wawili wanakuja kukaba. Pasi ya kwanza ikafia njiani, kama Mzee Beki alivyosema. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu mzee akafoka, "Piga! Unamwogopa nani?" Dogo akapiga ya nguvu, mzee akaipokea kwa mguu wa mbali, akageuka, kijana wangu mmoja akaachwa amekaa kwenye mchanga. Uwanja mzima ulipiga kelele. Mzee wa miaka sitini na kitu! Kumbe alikuwa ameshatazama nyuma, mimi nilimwona, mara mbili, bega hili na lile. Nikamuuliza nani alimfundisha. Akasema hakuna, ukiwa hutazami unavunjwa mguu.

Walirudia mpaka giza likaingia. Namba sita wangu halisi alikuwa amechuchumaa pembeni anaangalia, hakusema neno.

Wakati wa kuondoka mzee akamshika dogo kichwa akamwambia, "Umeelewa?" Dogo akaitikia. "Lakini dakika ya themanini na tisa mnaongoza moja, butua."

Jumamosi tunacheza tena. Nyavu za goli la pili bado hatuna, mwenye kuukuu ambazo hazitumiki aniambie, nitazifuata mwenyewe.